Bongo na nzohe: Ndugu wawili, mmoja wa msituni na mwingine wa kinamasini

KATIKA misitu ya mianzi ya Aberdare na Mlima Kenya huishi swara mwekundu mwenye milia myeupe ubavuni, ambaye Wakenya wengi hawajapata kumwona ila kwenye picha. Upande wa magharibi wa nchi, zaidi ya kilomita 200 kutoka huko, huishi jamaa yake wa karibu: mnyama wa rangi ya kahawia anayeshinda ndani ya maji, akila mafunjo na matete.

Wa kwanza ni bongo, ambaye baadhi ya kamusi humwita ndongoro. Wa pili ni nzohe, ambaye watalii na walinzi wa mbuga humfahamu zaidi kwa jina la sitatunga. Wote wawili wamo hatarini nchini Kenya. Hata hivyo, hatari inayomkabili mmoja si sawa na ile inayomkabili mwenzake, na dawa inayomfaa huyu haimfai yule. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua mustakabali wao hana budi kwanza kufahamu wanakofanana na wanakotofautiana.

UKOO MMOJA

Wataalamu wa elimu ya wanyama huwaweka wote wawili katika jenasi ya Tragelaphus. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya beberu na jingine ayala. Katika jenasi hiyo wamo pia tandala mkubwa, tandala mdogo, pongo ambaye wengine humwita mbawala, nyala wa kusini mwa Afrika na nyala wa milima ya Ethiopia. Pofu, swara mkubwa kuliko wote, naye ni wa ukoo huo huo.

Alama kuu ya ukoo ni pembe. Pembe za swara hawa hazikui kwa kunyooka wala hazipindi mara moja kama ndoano, bali hujizungusha taratibu mfano wa kamba inayosokotwa. Alama ya pili ni milia au madoa meupe mwilini, ambayo humsaidia mnyama kupotea machoni pa adui mwanga wa jua unapopenya majanini. Aidha, karibu wote ni wanyama wa kujificha. Hawategemei kundi kubwa wala mbio ndefu kama nyumbu wa nyika. Wanategemea kichaka.

Ujamaa wa bongo na nzohe ni wa karibu kiasi kwamba, walipofugwa pamoja katika bustani za wanyama ng'ambo, wamewahi kuzaa chotara. Porini jambo hilo si la kawaida, kwani kila mmoja ana makao yake na mara chache hukutana.

Kuhusu majina, bongo ni Tragelaphus eurycerus, yaani mwenye pembe pana. Wako wa aina mbili. Bongo wa nyanda za chini hupatikana katika misitu ya Afrika Magharibi na bonde la Kongo hadi Sudan Kusini. Bongo wa milimani, aliyepewa jina la isaaci mwaka 1902, amesalia porini nchini Kenya pekee.

Nzohe naye ni Tragelaphus spekii, kwa heshima ya John Hanning Speke, Mwingereza aliyepitia Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kati ya mwaka 1861 na 1862 akitafuta chanzo cha Mto Nile. Wenyeji wa eneo hilo la maziwa walikuwa wakimfahamu mnyama huyo tangu jadi. Katika ufalme wa Buganda, kwa mfano, uko ukoo wa Enjobe, ambao mwiko wake ni nzohe.

UMBO NA PEMBE

Anayewaona wakiwa pamoja hawezi kuwachanganya. Bongo ni mnyama mzito. Dume huwa na uzito wa kati ya kilo 220 na 400, na jike kati ya kilo 150 na 235. Kimo chake begani ni mita 1.1 hadi 1.3. Hakuna swara mwingine wa msituni anayemfikia kwa ukubwa. Nzohe dume huwa na uzito wa kilo 80 hadi 120, na jike lake takriban nusu ya hapo.

Ngozi ya bongo ni nyekundu iliyoiva, na dume huzidi kuwa jeusi kadiri umri unavyosonga. Milia yake ni kati ya 10 na 15 kila upande, nayo ni myeupe na myembamba. Ana alama nyeupe baina ya macho, madoa mawili shavuni na masikio makubwa. Milia ya bongo mmoja haifanani kabisa na ya mwingine, na ndiyo sababu watafiti wanaotega kamera msituni huweza kumtambua kila mnyama bila kumkamata.

Nzohe amevaa kwa unyenyekevu zaidi. Manyoya yake ni marefu, yana mafuta na hayaingizi maji. Dume ni la kahawia iliyokolea au kijivu, na jike huelekea wekundu. Milia yake ni hafifu, na kwa nzohe wengi wa Afrika Mashariki huonekana kwa shida.

Tofauti iliyo rahisi kukumbuka imo kichwani. Bongo wote, dume na jike, huota pembe. Kwa nzohe, ni dume peke yake lenye pembe. Katika ukoo mzima wa pembe za msokoto, ni bongo na pofu tu ambao majike yao yana pembe. Pembe za bongo ni nene, zimetanuka na ncha zake zina rangi ya manjano hafifu. Hukaribia mita moja kwa urefu. Akikimbia msituni huinua pua na kuzilaza pembe mgongoni ili zisinase kwenye matawi, na bongo mzee huwa na vipara mgongoni pale ncha zinapomkwaruza. Pembe za nzohe ni nyembamba zaidi, na zile ndefu hufikia sentimita 90 hivi.

MIGUU YASIMULIA MAKAO

Iwapo pembe ndizo zinazowaunganisha, basi miguu ndiyo inayowatenganisha. Kwato za bongo ni za kawaida, zinazofaa kupanda mteremko wenye tope na kupita katikati ya mianzi iliyoanguka. Kwato za nzohe ni ndefu na nyembamba, na za mbele hufikia sentimita 18. Anapokanyaga, hutanuka pande mbili na kuusambaza uzito wake juu ya matope na mizizi ya mafunjo. Hivyo hutembea bila kuzama mahali ambapo ng'ombe angenasa hadi tumboni.

Lakini neema hiyo ina gharama. Kwenye ardhi kavu nzohe hukimbia kwa kusuasua, na mbwa wa kawaida humshinda kwa urahisi. Adui akimkaribia, hakimbilii nyikani, bali huingia majini. Ni mwogeleaji hodari, na akibanwa sana hujitosa mwili mzima akaacha pua tu juu ya maji hadi hatari ipite.

Bongo wa Kenya huishi katika misitu ya milimani, hasa kati ya mita 2,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari, mahali penye mianzi na vichaka vya kila msimu. Hula majani, machipukizi, mitambaazi, magome na mizizi, akitumia ulimi mrefu wenye nguvu kuvuta chakula mdomoni. Hupenda sana mahali penye udongo wa chumvi. Kwa miaka mingi wageni wa hoteli ya The Ark, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, walikesha wakiwatazama bongo wakija usiku kulamba chumvi mbele ya hoteli. Baadaye mandhari hiyo ilitoweka.

Chakula cha nzohe ni mafunjo, matete, ndago na nyasi za majini, ingawa usiku hutoka akala pembezoni mwa kinamasi. Mchana hupumzika juu ya matete aliyoyakanyaga na kuyalaza mwenyewe mfano wa jukwaa. Huwa na njia zake maalumu ndani ya mafunjo, ambazo huzifuata siku baada ya siku. Mazoea hayo humponza, kwa kuwa anayetega tanzi la waya anajua pa kulitega.

TABIA NA UZAZI

Wote wawili huonekana zaidi alfajiri, jioni na usiku. Majike ya bongo na ndama wao huishi katika makundi madogo, na dume lililokomaa hukaa peke yake. Nzohe huishi wawili watatu, au mmoja mmoja. Dume la nzohe hubweka usiku, na sauti hiyo husikika mbali kinamasini.

Bongo hubeba mimba kwa takriban miezi tisa na nusu. Nzohe hubeba kwa karibu miezi minane. Kila mmoja huzaa ndama mmoja tu, na mama humficha mtoto wake wiki za mwanzo: bongo vichakani, nzohe juu ya jukwaa la matete lililozungukwa na maji. Ndama wa nzohe hukawia kumfuata mamaye, kwa kuwa kutembea juu ya matope ni jambo la kujifunza. Kwa wanyama wanaozaa kwa mwendo huo, kila anayenaswa mtegoni huacha pengo lisilozibika haraka.

MASAIBU YA BONGO

Bongo wa milimani ameorodheshwa na wahifadhi wa kimataifa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia. Waliosalia porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100, wakiwa wamegawanyika katika misitu minne: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Zamani walipatikana pia katika milima ya Cherangani. Leo hawapo huko.

Sababu ni nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliwaua mifugo na wanyamapori kote Afrika Mashariki, na bongo ni mmoja wa walioathirika vibaya. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, lakini mengine yalikuwa yamefuata: ukataji miti, uchomaji makaa, malisho ya ng'ombe ndani ya msitu na uwindaji haramu. Bongo anapofukuzwa na mbwa mara nyingi husimama na kuwakabili badala ya kutoroka, na wawindaji humkuta pale pale.

Katika miaka ya 1960 na 1970, bongo kadhaa walikamatwa nchini na kupelekwa katika bustani za wanyama za Marekani na Ulaya. Wakazaana huko. Matokeo yake ni jambo la ajabu: bongo wa Kenya walio uhamishoni ni wengi kuliko waliobaki katika misitu ya Kenya.

Safari ya kuwarudisha ilianza Januari 2004, wakati bongo 18 waliozaliwa Marekani walipoletwa Nanyuki, kwenye hifadhi iliyo chini ya Mlima Kenya. Haikuwa kazi nyepesi. Baadhi yao walikufa kwa maradhi ya jamii ya ndigana yanayoenezwa na kupe, kwa sababu miili yao haikuwa imeyazoea. Waliobaki na vizazi vyao walifugwa kwa uangalifu, wakafundishwa kujitafutia chakula na kuwaogopa binadamu. Machi 2022 ilizinduliwa hifadhi ya Mawingu, yenye ukubwa wa ekari 776 ndani ya msitu wa Mlima Kenya, na bongo wa kwanza wakaachiliwa humo. Februari 2025 bongo wengine 17 waliwasili kwa ndege kutoka Florida na kupelekwa Kaunti ya Meru.

Wakati huo huo, uzio wa umeme wenye urefu wa karibu kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009 unauzunguka msitu wa Aberdare, na mwingine unauzunguka ule wa Eburu. Uzio hupunguza uvamizi na migogoro na wakulima. Hauwezi, hata hivyo, kung'oa mitego ya waya iliyokwisha kutegwa ndani. Kazi hiyo inahitaji watu wanaotembea msituni kila siku.

MASAIBU YA NZOHE

Kwa nzohe hali ni tofauti kabisa. Ukitazama bara zima, hayumo hatarini. Hupatikana kutoka Afrika Magharibi hadi bonde la Kongo, Uganda, Tanzania, Zambia na kwenye delta ya Okavango nchini Botswana. Wahifadhi wa kimataifa humweka katika kundi la wanyama wasiotia wasiwasi mkubwa.

Wingi huo wa mbali ndio unaoficha uchache wa hapa nyumbani. Nchini Kenya nzohe amebaki katika vinamasi vichache vya magharibi: Saiwa katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kingwal katika Kaunti ya Nandi, kinamasi cha Yala na sehemu kadhaa za mwambao wa Ziwa Victoria. Hakuna ndege iliyomleta nzohe kutoka Florida, wala habari zake hazigongwi vichwa vya magazeti. Akitoweka Kenya, takwimu za dunia hazitatikisika.

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili yake. Ina ukubwa wa takriban kilomita tatu za mraba tu, na hutajwa kuwa ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini. Magari hayaingii. Wageni hutembea kwa miguu juu ya madaraja ya mbao, kisha hupanda majukwaa yaliyojengwa mitini na kusubiri kimya. Lakini mbuga imezungukwa na mashamba pande zote. Mbolea, dawa na udongo unaomomonyoka huingia na maji ya mvua, na nzohe walio ndani hawana njia salama ya kuwafikia wenzao wa vinamasi vingine. Kundi dogo lililofungiwa namna hiyo hukabiliwa na hatari ya ndugu kuzaana wao kwa wao.

Huko Kingwal hakuna mbuga ya kitaifa. Nzohe huishi katikati ya wakulima, nao ndio wanaoamua hatima yake. Wapo wanaomlinda na kuwaonyesha wageni. Ipo pia haja ya kulima, kufyatua matofali na kupanda mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi lakini inayompa mwenye shamba fedha za karo. Katika Yala, sehemu ya kinamasi imekuwa ikikaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960. Ziwa Kanyaboli, lililo kando yake, lilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 2010.

Sheria zipo. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fuo za maziwa zinaweka masharti ya matumizi ya maeneo hayo. Ugumu ni kuzitekeleza pale ambapo shamba la mtu linaishia majini, na mpaka wa maji husogea kila msimu.

MAJI YALE YALE

Kuna jambo moja linalowarudisha ndugu hawa pamoja. Mto Nzoia hupata maji yake katika milima ya Cherangani na Elgon, ukateremka hadi Ziwa Victoria kando ya kinamasi cha Yala. Mto Saiwa, unaolisha kinamasi cha Saiwa, humwaga maji yake katika Nzoia. Kutoka msitu wa Mau, ambako bongo wachache bado wapo, hutiririka mito ya Nyando na Sondu hadi mwambao wa ziwa hilo hilo.

Kwa maneno mengine, msitu anaojificha bongo ndio tangi la maji ya kinamasi anachoishi nzohe. Miti ikikatwa juu, mvua huteremka kwa kasi ikibeba udongo, kisha kiangazi mito hukauka. Mafunjo hubadilika kuwa nyasi kavu zinazoshika moto, na nzohe hubaki kwenye nchi kavu ambako miguu yake haimfai. Cherangani bongo ameshapotea. Maji ya Cherangani bado yanahitajika na nzohe, na kabla yake, na wakazi wa miji na mashamba yote yaliyo njiani.

KWA UFUPI

Makao: Bongo ni wa misitu ya milimani na mianzi, nzohe ni wa vinamasi vya mafunjo na matete.

Uzito wa dume: Bongo kilo 220 hadi 400, nzohe kilo 80 hadi 120.

Pembe: Bongo dume na jike wote wanazo, kwa nzohe ni dume tu.

Rangi: Bongo ni mwekundu mwenye milia myeupe iliyo wazi, nzohe ni wa kahawia au kijivu, milia yake ni hafifu.

Kwato: Za bongo ni za kawaida, za nzohe ni ndefu na hutanuka.

Kinga: Bongo hutoweka kichakani, nzohe hujitosa majini.

Wanapopatikana nchini: Bongo katika Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, nzohe katika Saiwa, Kingwal, Yala na mwambao wa Ziwa Victoria.

Hali: Bongo wa milimani hapatikani porini popote nje ya Kenya, na wamebaki chini ya 100, nzohe ni wengi barani lakini wachache Kenya.

Anayetaka kumwona nzohe porini afike Saiwa, karibu na barabara ya Kitale kuelekea Kapenguria, alfajiri au jioni, naye asipige kelele. Kumwona bongo porini ni bahati ya wachache hata miongoni mwa walinzi waliotumikia Aberdare kwa miaka. Hifadhi iliyo karibu na Nanyuki ndiyo inayotoa nafasi ya uhakika zaidi, na wanyama wanaoonekana huko ni wa vizazi vile vile vinavyoandaliwa kurudi msituni.